Waogopeshe, Kisha Uwarudishe Nyumbani: Kuandika Vitabu vya Safari za Kutisha kwa Watoto

Kabla hujashika kalamu, nenda Tongoni. Ni kilomita kama 17 kusini mwa mji wa Tanga kwa barabara ya Pangani, na ni vizuri ufike mchana maji yakiwa yamekupwa. Simama katikati ya makaburi. Mengine yana minara ya mawe, na kwenye minara hiyo utaona mashimo ya duara yanayotosha bakuli. Zamani palikuwa na vibakuli vya kauri mle, vilivyokuja kwa majahazi kutoka ng'ambo. Sasa havipo. Mtoto wa miaka kumi akiyaona mashimo yale atakuuliza swali moja, na kitabu chako kimo ndani ya swali hilo: nani kavichukua?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Hadithi zangu za kwanza niliziandika kwa mkono, kwenye daftari la mistari, nikizisoma Ijumaa mchana wakati watoto wa darasa la nne wamechoka na hesabu. Nimezisoma nyingi, nyingine zikafa mbele yangu, nyingine zikaombwa tena na tena. Zilizoombwa tena zote zilifanana kwa jambo moja: hofu yake ilikuwa na mahali pa kweli, ninapopajua kwa miguu yangu, na palikuwa na njia ya kurudi.

Kupajua mahali

Hadithi yangu mojawapo ya mwanzo niliipeleka Kilwa Kisiwani kabla sijafika huko. Nilikuwa na picha ya Msikiti Mkuu tu. Watoto wangu wa hadithi wakashuka kwenye basi usiku, wakatembea moja kwa moja hadi magofuni. Mwanafunzi mmoja ambaye mama yake ni wa Kilwa Masoko akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hawajapanda mashua?" Kisiwani ni kisiwa, na jina lenyewe linasema. Kuanzia pale hakuna aliyeogopa tena. Jini niliyekuwa nimemficha ndani ya msikiti akatoka, na darasa zima likamtazama tu. Mtoto akikukamata umedanganya kuhusu mashua, hawezi kukuamini kuhusu jini.

Kwa hiyo nenda na daftari. Usiandike habari za uzuri wa mandhari. Andika miguu inakanyaga nini, pananuka nini, nauli ya bodaboda kutoka barabarani ni kiasi gani, nani anakusalimia kwanza, mbwa wa nani anabweka. Andika jua linazama saa ngapi, kisha hesabu dakika hadi usipoweza kusoma mwandiko wako. Kwetu huku karibu na ikweta ni chini ya nusu saa. Giza letu haliji polepole kama la nchi za kaskazini, na hiyo ni faida kubwa kwa mwandishi: unaweza kuanza ukurasa mchana na kuumaliza usiku bila kumdanganya mtu.

Kama ni pwani, muulize mvuvi habari za maji. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa mbali sana na kurudi kwa nguvu. Haya ndiyo yaliyonipa mpango mzima wa hadithi ya Tongoni. Mwanahawa na binamu yake Chande wanavuka kwa miguu mkono mdogo wa bahari kwenye mikoko, saa nane mchana, maji yamekupwa, matope yanawafika vifundoni. Wanachelewa. Saa kumi na mbili jioni wanarudi na njia haipo. Hapakuhitajika zimwi la kuwafukuza. Bahari ilitosha, tena bahari haihitaji kuelezwa kwa nini ina hasira, kwa sababu haina.

Historia nayo ina vitisho vyake, ila itumie kwa kipimo cha mtoto. Januari 1499 Vasco da Gama alikuwa njiani kurudi kutoka India, amepoteza mabaharia wengi mno, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Meli ya São Rafael wakaichoma moto wenyewe karibu na mji uliojulikana kama Mtangata, ambao ndio Tongoni ya leo. Ukimweleza mtoto habari za njia za biashara atasinzia. Mwambie kwamba kutoka hapa aliposimama watu waliona meli inawaka baharini na wenye meli wanaiangalia tu, utaona anavyogeuza shingo kutazama maji.

Lugha yetu ina giza lake

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu naona waandishi wengi wanakimbilia maneno makubwa: giza totoro, kelele za kuogofya, jitu la kutisha. Kiswahili kina silaha ndogo ndogo zinazouma kuliko hizo.

Chukua viambishi vya mahali. Siku moja nilikuwa ndani ya mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji, tukiwa tumezima tochi ili tusikie popo. Nikajiambia sentensi tatu: Kuna kitu. Pana kitu. Mna kitu. Ya kwanza inasema kiko huko, mahali fulani usipopajua. Ya pili inasema kiko hapa, mahali mahususi. Ya tatu inasema kimo humu ndani tulimo sisi. Sikuongeza neno lolote la kutisha, herufi tu zilibadilika. Kwenye hadithi niliziweka mbalimbali, kila moja mwisho wa ukurasa wake. Watoto wa darasa la nne hawajafundishwa ngeli ya mahali kwa kina, lakini walipofika "mna" darasa lilinyamaza.

Halafu kuna ki-. Mtoto asiyejua kilicho mbele yake hawezi kusema "a-", maana akisema hivyo ameshajua kwamba ni mtu au mnyama. Andika: Kilipumua. Kikasogea. Kikasimama. Usitaje kiima, acha kiambishi kibebe mzigo. Na siku utakapomfunulia msomaji kwamba ni mzee mvuvi aliyekuwa akitafuta kamba ya ngalawa yake, badili ngeli: "Alikuwa amelowa." Msomaji atashusha pumzi kabla hata hujamwambia ni nani.

Tumia adabu zetu pia. Mtoto wetu akisikia hatua za mtu mzima gizani, kitu cha kwanza anachofanya ni kuamkia. Mwanahawa anasikia nyayo nyuma ya ukuta wa msikiti uliobomoka. Anasema, "Shikamoo." Kimya. Anarudia, "Shikamoo, babu." Na marahaba inaitika, ila inatokea upande wa baharini. Sijui mtoto wa Kitanzania asiyeielewa hofu hiyo hadi kwenye mifupa, kwa sababu salamu ndiyo kitu alichoahidiwa kwamba huwa haikosewi.

Na wimbo. Bibi zetu hawakusimulia hadithi bila wimbo wa kuitikia, nasi tukiandika tunauacha nje kama kwamba kitabu hakina sikio. Urudishe. Uwe mfupi, urudiwe mara tatu, na mara ya tatu ugeuze neno moja. Wangu wa Tongoni ulikuwa hivi:

Ndugu yangu nisubiri, nisubiri,
njia ndefu, maji yanajaa.

Mara ya kwanza anaimba Chande akibaki nyuma. Mara ya pili wanaimba wote wawili kujipa moyo. Mara ya tatu wanausikia kutoka kwenye mikoko, nao unasema: Ndugu yangu nakusubiri, nakusubiri.

Wazazi wako wapi?

Hili lipitie haraka lakini usilipuuze. Msomaji wetu atauliza, kwa sababu kwao mtoto haondoki bila ruhusa. Usiwaue wazazi ili hadithi isonge. Mimi huwa natafuta sababu ndogo ya kila siku: shangazi amekwenda kuwahi samaki boti zikirudi, babu amejinyoosha kwenye mkeka baada ya sala ya adhuhuri. Saa mbili tatu zinatosha kabisa. Na mpe mtoto vitu vya kushika: tochi yenye betri dhaifu, chupa ya maji, maandazi mawili kwenye gazeti. Mikono ikiwa na kazi, hofu inavumilika.

Vitisho nisivyovigusa

Siandiki bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho ya akina bibi wengi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia miaka hamsini, na nchini mwetu, hasa Kanda ya Ziwa, wapo wanawake wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu hiyo. Simfanyi mtu mwenye ualbino kuwa kioja au hirizi. Watu wamekatwa viungo kwa imani hizo. Mtoto akikipenda kitabu hukichukua akaenda nacho mtaani, na mtaani kuna jirani anayefanana na zimwi ulilomchorea. Ukitaka mzee kwenye hadithi, mfanye awe ndiye anayejua njia ya kutoka.

Mahali panapoheshimiwa nako ni hivyo. Amboni kuna sehemu ya mzimu ambako watu huenda kuomba na kuacha sadaka zao. Wahusika wangu wanapita pale kimya, bila kugusa kitu, na hofu inatoka kwingine. Magofuni vilevile hawaondoki na kipande chochote. Mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu 1964, na sipendi mtoto ajifunze kwangu kwamba ushujaa ni kuiba. Majini ya kubuni yapo tele: kuna chunusi anayevuta waogeleaji, kuna kinyamkera wa kimbunga cha vumbi. Hao hawana jirani wa kumuumiza.

Kipimo cha hofu

Niliwahi kumaliza sura kwa kumwacha mtoto peke yake pangoni, tochi imezimika, na kengele ikalia. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu mama mmoja alinifuata ofisini, akaniambia kwa upole kwamba binti yake alilala kitandani kwake siku tatu. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo sivunji sura mahali mtoto alipo peke yake. Navunja mlango unapofunguka, au sauti inapoita jina, lakini lazima awe ameshika mkono wa mtu. Kwa wasomaji wa miaka tisa hadi kumi na miwili hilo linatosha kuwafanya wageuze ukurasa.

Kuna hesabu nyingine niliyofika kwayo kwa kujaribu: kwenye kila vitisho vitatu, eleza viwili, kimoja kiache. Kilio cha mtoto mchanga juu ya mbuyu ni komba, na komba kweli hulia hivyo usiku. Hatua kwenye majani makavu ni kaa wanaotoka mashimoni. Ukieleza vyote, mtoto anahisi umemnyang'anya kitu. Usipoeleza hata kimoja, hatalala.

Isome kwa sauti mbele ya watoto wasio wako. Usitazame nyuso zao, kwa sababu mtoto atatabasamu ili kukufurahisha. Tazama miguu. Hofu nzuri ikifika, miguu hupanda juu ya benchi taratibu, mmoja mmoja, wala hawajui wanafanya hivyo. Penye sentensi hiyo weka alama. Penye miguu inayobembea, futa. Sura moja ninaiweka kwenye maneno 900 hivi, dakika kumi za kusoma bila haraka, maana ikizidi hapo miguu huanza kubembea hata kama maji yanajaa.

Kuhusu uchapaji nina machache. Panga kitabu kiwe cha kurasa 32, 48 au 64, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na zile zinazobaki tupu unazilipia bure. Michoro ya rangi nyeusi peke yake inapunguza gharama, tena kwa hadithi za usiku inapendeza zaidi. Mwombe mchoraji achore ramani ya safari kwenye kurasa mbili za mwanzo, ila zimwi asilichore. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukitaka kitabu kiingie shuleni rasmi, kinapitia Taasisi ya Elimu Tanzania.

Rudi kwenye sura ya mwisho. Iandike ndani ya daladala la kurudi mjini, watu wamebanana, kondakta anagonga bati, mtu ana kuku miguuni. Kelele hizo ndizo zinazomwambia msomaji kwamba hatari imepita. Wafikishe nyumbani, wale wali, wagombezwe kwa kuchelewa. Sura yangu ya Tongoni inaishia Mwanahawa akiwa amelala. Mama yake anakung'uta mkoba uani. Unadondoka mchanga, kipande cha gazeti lililofungia maandazi, na kigae cha kauri cha buluu ambacho Mwanahawa hakukiokota. Kitabu cha pili kinaanza Jumamosi inayofuata, mama na binti wakiwa kituoni, wanasubiri daladala la kwenda kukirudisha.