Mkeka unaolia ukikanyagwa: jaribu malighafi kwanza

Kazi yenyewe ni mkeka wa ukindu unaotoa sauti pale mguu unapotua. Chini yake pana swichi bapa ya tabaka tatu: foili, kitenganishi chenye matundu, kisha foili nyingine. Uzito wa mtu huzikutanisha foili kupitia matundu. Usikate mkeka mkubwa bado. Tengeneza kipande cha sentimita 30 kwa 30 ukitese.

Hatua ya 1: foili. Bandika foili ya jikoni juu ya plaiwudi, na nyingine chini ya kipande cha turubai. Acha ukingo mtupu wa sentimita 2 pande zote, zisije zikagusana pembeni. Foili haishiki lehemu ya kawaida, kwa hiyo bana waya kwa skrubu, nati na washa (kipete bapa cha chuma), mbali na mguu unapokanyaga.

Hatua ya 2: kitenganishi. Hapa ndipo kazi inapofia au kupona, usiwe na haraka. Kata vitatu: wavu wa chandarua, kadibodi ya boksi, na sponji ya milimita 5. Kadibodi na sponji zitoboe matundu ya sentimita 3. Unganisha multimita (kifaa cha kupimia umeme) na waya za foili, iweke kwenye alama ya mlio, kisha ita watu: mtoto, mtu mzima, anayetua kwa kisigino, anayenyata. Mtoto asiposikika, panua matundu. Chandarua ni chepesi mno, wakati mwingine mkeka wenyewe unatosha kukiamsha. Kadibodi hudanganya: mwanzoni ni nzuri, halafu inabonyea, inanyonya unyevu, na swichi haizimi tena.

Baada ya hapo weka ndoo ya maji ya lita 20 juu yake usiku kucha. Asubuhi ukiiondoa, mlio ukiendelea, kitenganishi hicho hakifai. Mimi huishia kwenye sponji.

Rudia yote mkeka ukiwa juu. Jamvi la miyaa ni gumu kuliko mkeka wa ukindu, hutawanya uzito, na mtoto anapotea kabisa.

Hatua ya 3: ukitaka sauti ipande kwa uzito. Ondoa kitenganishi, weka Velostat kati ya foili, yaani plastiki nyeusi inayopitisha umeme zaidi kadiri inavyokandamizwa. Unganisha na Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu) pamoja na rezista, kipingamizi cha umeme, ya kilo-ohm 10. Utasoma namba kati ya 0 na 1023. Velostat ikikandamizwa muda mrefu husomeka tofauti, basi programu ipime upya hali ya mkeka mtupu kila mara, isitegemee namba moja.

Hatua ya 4: umeme. Tumia pawabenki, kamwe usipitishe umeme wa ukutani chini ya miguu. Nyingi hujizima zikiona Arduino inakula umeme kidogo, kwa hiyo iache iwake saa nzima kabla ya kuiamini.

Hatua ya 5: kutandaza. Pwani mtu akiona mkeka anavua viatu bila kuambiwa, na nyayo tupu zina jasho: tandika nailoni kati ya mkeka na turubai. Kingo zibandike tepu, watu wasijikwae. Tabaka usizigandishe kwa gundi. Kaza turubai pande tatu, wa nne utie velkro, ili foili ikichanika katikati ya maonyesho uibadilishe papo hapo.