Ruhusa ya kupiga picha za biashara kwenye eneo la mtu

Mhudumu akikwambia "piga tu dada, hakuna shida," bado hujapata ruhusa. Hiyo ni ya kujipiga selfi na kikombe chako cha kahawa. Mimi napiga picha za bidhaa hapa Dar: mikoba, viatu vya ngozi, mafuta ya nywele. Wateja wangu wengi wanataka mandhari ya migahawa ya Masaki au hoteli za ufukweni Kigamboni. Picha hizo zinaenda kuuza kitu, na mwenye eneo anapaswa kulijua hilo kabla hujafungua begi la kamera.

Anza kwa kumtafuta mwenye kauli. Mgahawa mdogo, mara nyingi ni mwenyewe. Nenda saa ambazo wateja wamepungua, agiza chai, ulizia anapatikana lini. Hoteli kubwa, watu wa mapokezi hawana la kukusaidia zaidi ya kukupa barua pepe ya idara ya masoko. Duka lililo ndani ya mall ndilo lenye mtego. Mwenye duka ni mpangaji, ruhusa yake inaishia mlangoni pake. Korido, ngazi na maegesho viko chini ya menejimenti ya jengo, kwa hiyo barua zinakuwa mbili. (Mlimani City imejengwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini usiende kumsumbua Makamu Mkuu wa Chuo kwa ajili ya mikoba.)

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mambo ya "wako katika ujenzi wa taifa" waachie wizara. Meneja anataka kujua mko wangapi, mtaziba njia au la, na picha zitaonekana wapi. Yangu huwa hivi:

"Yah: Ombi la kupiga picha za biashara. Naomba kupiga picha za mikoba ya mteja wangu kwenye baraza ya mgahawa wako, siku ya Jumanne, saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Tutakuwa wanne: mimi, msaidizi, mwanamitindo na mwenye mikoba. Tutakuja na kamera, stendi moja na rifleta ya kuakisi mwanga. Hatutatumia umeme wenu. Picha zitatumika Instagram na kwenye katalogi ya mteja kwa mwaka mmoja. Jina la mgahawa halitaonekana, labda wewe upende lionekane. Chochote tutakachoharibu tutalipa."

Chini acha nafasi ya jina, cheo, sahihi, tarehe na mhuri. Kibali cha WhatsApp si haba, kitunze, ila mlinzi wa getini anaheshimu mhuri. Na hiyo saa 1 sikuiweka kwa bahati: jua la Dar likifika saa 4 linachoma sura za watu, na meneja hukubali upesi akijua mtakuwa mmeondoka kabla meza hazijajaa.

Kuhusu hela, uliza bei ya eneo kabla hujampa mteja wako makadirio, kisha udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wapo watakaokataa hela na kuomba picha za mgahawa wao. Ni sawa, lakini andikeni ni picha ngapi na zitafika lini. "Nitakutumia chache" ndiyo inayoleta ugomvi.

Sasa, mwenye eneo hawezi kukupa ruhusa ya kila kitu kilichomo. Wahudumu na wateja wanaotambulika sura wanatoa idhini yao wenyewe, kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na picha ya mtu ni taarifa yake. Mtoto, muulize mzazi. Mchoro wa Tingatinga ukutani una mchoraji, na hakimiliki kwa kawaida haihami kwa sababu tu mgahawa umenunua mchoro, hivyo geuza kamera au mtafute. Friji la soda lenye nembo kubwa liache nje ya fremu, hasa kama mteja wako anauza juisi. Na ukiwa juu ya paa la hoteli pale Posta, usielekeze lenzi Ikulu wala bandarini. Hapo meneja hana kauli.

Siku yenyewe beba nakala mbili zilizochapishwa, moja ya mlinzi, na namba ya meneja iwe tayari kwenye simu, maana aliyesaini anaweza kuwa likizo na wa zamu asijue lolote.

Miezi ikipita mteja akataka picha ileile aiweke kwenye bango la barabarani, kumbuka barua ilisema Instagram na katalogi tu. Rudi kwa mwenye eneo ukaombe upya kabla faili halijaenda kwa mchapaji, na bei mwambie mteja mapema kuwa huenda ikapanda.