Kilomita 450 angani si dakika 54: mambo ya kuzingatia kabla ya safari fupi ya ndege

Ukitafuta umbali kati ya viwanja viwili vya ndege vya mikoani, jibu huja upesi: kilomita 450, dakika 54. Hesabu haina kosa. Imechukua mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, ikaugawa kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa, basi. Lakini anayeweza kusafiri hivyo ni ndege mwenye manyoya. Ndege ya abiria hujikokota kwanza kutoka maegeshoni, hupaa ikiukabili upepo hata kama unakokwenda ni nyuma yake, hugeuka, hupanda, na hujamaliza juisi yako inaanza kushuka. Ratiba ikiandika saa 1 na dakika 15 usishangae: muda wake huhesabiwa tangu ndege inapong'oka maegeshoni hadi inaposimama kule iendako.

Upepo nao una sehemu yake. Ukivuma kwa kilomita 50 kwa saa kutoka nyuma, zile dakika 54 hushuka hadi 49. Ukiwa wa mbele, zinafika 60. Ndiyo maana kwenda na kurudi havilingani.

Kabla hata ya bei, angalia aina ya ndege. ATR 72, ambayo ni pangaboi, yaani ndege ya mapanga, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Boeing 737, ambayo ni jeti, hupita 800. Kwa masafa mafupi kiasi hiki jeti haipati nafasi ya kukimbia, kwa hiyo mimi singelipa zaidi kwa ajili yake. Ikiwa ni Cessna Caravan ya injini moja, jiandae kupimwa uzito pamoja na begi lako, na begi liwe laini, maana sehemu ya mizigo ni finyu na sanduku gumu halikunjiki. Pawabenki ibaki kwenye mzigo wa mkononi.

Majedwali mengine huandika maili za baharini. Moja ni kilomita 1.852, hivyo 243 ni zilezile 450. Hakuna aliyekufupishia safari.

Sasa saa, ambayo ndiyo huwaacha watu uwanjani. Tiketi ikisema 07:00 ni saa moja asubuhi, na 13:00 ni saa saba mchana. Itamke kwa sauti mbele ya mtu mwingine kabla ya kulala, hasa kama simu yako ndiyo itakayokuamsha.

Viwanja vingi vidogo havina taa za kuwezesha ndege kutua usiku. Ndege ya alasiri ikichelewa kwa saa mbili, jua likazama, safari inakuwa ya kesho. Kwa hiyo, pamoja na ukungu wake, napendelea ndege ya kwanza ya asubuhi. Kama unaunganisha na ndege nyingine kwa tiketi mbili tofauti, ukikosa ya pili hasara ni yako, na saa moja katikati ni kamari. Acha nne, au lala huko.

Anayekuja kukupokea mpe saa ya kutua, si ya kuruka, pamoja na zile herufi tatu za uwanja zilizo kwenye tiketi. Kuna miji yenye viwanja viwili.