Somo: Kempa Yako Mbele ya Sheria, Kuanzia Logibuku Hadi Mahali pa Kulala

Hapa Nakuru watu wengi huanza na Hiace iliyostaafu kazi ya matatu. Viti vinang'olewa, kitanda kinaingia, jiko, tangi la maji na betri ya sola, na hapo gari limekuwa kempa, nyumba ndogo ya safarini. Kisha safari ya Kisumu inaanza. Kazi ya fundi huwa safi. Karatasi ndizo huachwa nyuma: barabarani kuna chumba cha kulala, kwenye logibuku, ile hati ya usajili wa gari, kuna gari la abiria 14. Karibu kila shida ambayo wanachama huniletea imeanzia hapo, iwe ni ya bima, ya trafiki au ya mpakani. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua ya kwanza, na naomba usiiruke hata kama unaona inachosha.

Hatua ya 1: Logibuku ifanane na gari

Chukua logibuku yako uisome mstari kwa mstari. Utaona aina ya bodi, rangi, nambari ya chesisi, nambari ya injini, idadi ya abiria, uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu kabisa. Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakutaka umjulishe msajili, na msajili siku hizi ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ombi la kubadilisha maelezo ya gari unalifanya kwa akaunti yako ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na gari linapelekwa kukaguliwa. Nakuru kuna kituo cha ukaguzi na Kisumu pia kipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu akupelekee karatasi Nairobi.

Kama umelinunua karibuni, maliza kwanza kulihamisha liwe kwa jina lako. Fundi asishike grainda kabla ya hapo. Ombi la mabadiliko hutoka kwa mwenye gari, na kama jina kwenye mfumo bado ni la aliyekuuzia, utabaki ukimpigia simu mtu ambaye tayari amekula pesa zake na hana haraka. Kama lilikuwa matatu, litoke rasmi kwenye kazi ya abiria liwe gari la binafsi, na mstari wa manjano ufutwe kabisa. Ukiuacha, kila afande atakusimamisha akiulizia leseni ya barabara, kidhibiti mwendo na sare ya dereva, na huwezi kumlaumu.

Kisha amua viti. Hili ni jambo la maana kuliko rangi ya makabati. Kila kiti kitakachobaki kifungwe kwa bolti sakafuni na kiwe na mkanda wake. Kitanda si kiti. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinatoza shilingi 1,000 kwa kila kiti kisichokuwa na mkanda, na 500 kwa asiyeufunga gari likitembea. Lakini faini isiwe ndiyo inayokuongoza. Yeyote anayeijua barabara ya Salgaa kuelekea Sachangwan na Mau Summit, na malori yanavyoshuka pale breki zikinuka, hawezi kuwalaza watoto wake kitandani gari likiwa mwendoni. Watoto wakae, wafunge mikanda, walale mkifika.

Idadi ya viti ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kwenye mbuga zake, KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori, hutoza gari kwa idadi ya viti. Ukifika lango la Ziwa Nakuru na logibuku inayosema 14 ilhali ndani mna viti 4, umejitafutia mabishano ambayo ungeyamaliza mapema ukiwa umeketi nyumbani.

Wenye trela za kuvuta: trela husajiliwa peke yake na ina nambari yake inayoanza na Z. Haitumii nambari ya gari linaloivuta.

Weka picha za gari kabla na baada ya kazi, pamoja na risiti zote za fundi. Utaona baadaye kwa nini.

Hatua ya 2: Mwambie wa bima ukweli wote

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha bima ya mtu wa tatu kwa kila gari lililo barabarani. Hiyo haitengenezi gari lako wala haikulipii friji iliyoungua. Ukitaka hayo, chukua bima kamili, na hapo una wajibu wa kusema kila kitu: kwamba gari limebadilishwa, kwamba lina jiko la gesi, kwamba watu hulala ndani, na kwamba vifaa ulivyoweka vina thamani fulani. Yaandike, uombe wakujibu kwa maandishi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye mali, na kampuni ikigundua baada ya moto kwamba ulificha gari la gesi chini ya jina la gari la abiria, ina njia ya kukataa kulipa. Hapa ndipo zile picha na risiti zinapofanya kazi.

Ajali ikitokea, sheria inakutaka uripoti kituoni mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Omba abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa ripoti ya ajali. Bila hiyo wa bima hatakusikiliza.

Hatua ya 3: Uzito na leseni

Leseni ya daraja B inakufikisha kilo 3,500 za uzito wa juu. Ukitengeneza kempa juu ya Canter au lori dogo, unaingia C1, ambayo ni kilo 3,500 hadi 7,500. Na kuanzia kilo 3,500 sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti mizigo ya magari inakutaka uingie mizani. Kwa safari zetu hizo ni Gilgil na Webuye. Usipite ukidhani mizani ni ya wenye mahindi na saruji pekee.

Piga hesabu kabla ya kujaza. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza betri, mbao, mtungi, watu na mizigo yao.

Hatua ya 4: Kwenye kizuizi cha polisi barabarani

Simama, salimu, toa leseni. Afande aliye kazini anapaswa kuwa na sare na utambulisho, na unaweza kuuliza jina na nambari yake ya huduma kwa heshima. Akisema una kosa, muulize ni kosa gani na umwombe aliandike. Kama ni faini, inalipwa kwa njia rasmi na risiti inatoka. Kama ni dhamana ya pesa taslimu kituoni, risiti vilevile. Anayeomba "kitu kidogo" na anayetoa wote wanaangukia Sheria ya Hongo ya 2016, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukitoa umemaliza.

Katiba iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kwamba hawezi kurudishwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya barabarani yako humo. Ukionewa, IPOA ndiyo hupokea malalamiko dhidi ya polisi. Andika mahali, saa na nambari ya huduma siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Utalala wapi

Sheria ya Trafiki haikatazi mtu kulala ndani ya gari lake. Swali ni ardhi uliyosimama juu yake ni ya nani.

Ndani ya miji, Nakuru na Kisumu, nafasi za kuegesha ni za kaunti. Unalipia, na usipolipa kanjo, askari wa kaunti, watafunga gurudumu. Kando ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara, na hata kabla ya kufika kwenye sheria, ni mahali pa hatari. Usilale pale. Kituo cha mafuta ni mali ya mtu: ongea na meneja, si na mlinzi wa usiku pekee, kwa sababu mlinzi hubadilishwa saa kumi na mbili asubuhi na yule mpya hakujui. Mashamba ya chai ya Kericho yanapendeza macho, lakini yana wenyewe, na Sheria ya Kuingia Mali ya Watu bila Idhini, Sura ya 294, inawalinda.

Penye raha ni kwenye maeneo ya kambi. Ziwa Nakuru, upande wa kusini, kuna kambi ya Makalia karibu na maporomoko ya maji. Malipo ni kupitia eCitizen, pesa taslimu hazipokelewi langoni. Kambi za umma unachangia na wengine. Kambi maalumu unaikodi peke yako kwa kuweka nafasi mapema. Giza likiingia gari halitembei tena, na huruhusiwi kuacha njia kwenda kumfuata kifaru nyasini. Nyani wa Makalia hufungua milango isiyokomewa.

Msitu wa Kakamega huwachanganya wengi kwa sababu una wasimamizi wawili. Buyangu, kaskazini, ni KWS. Isecheno, kusini, ni Huduma ya Misitu, KFS. Kibali cha mmoja hakikupi kitanda kwa mwingine, na kupiga kambi au kuwasha moto msituni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2016.

Dunga, pale Kisumu, zungumza na kamati ya ufuo, BMU, mapema mchana. Watakuonyesha pa kusimama, na pa kuepuka ili usimzibie kiboko njia yake ya usiku. Sikiliza hilo la pili kwa makini.

Kote huko, kuanzia tarehe 5 Juni 2020, chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja ni marufuku ndani ya mbuga, misitu na fuo. Beba maji kwenye tangi na chupa za chuma. Maji machafu usiyamwage popote. Uliza choo kilipo.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Kisumu: Mwalimu, nikiwa nimeegesha na nimekunywa bia mbili, nimelala ndani, polisi wakigonga wananikamata?

Jibu: Ndugu yangu, sheria haimtazami anayeendesha tu. Inamtazama pia aliye na usimamizi wa gari barabarani au mahali pa umma akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. Ukiwa kando ya barabara na ufunguo uko kwenye swichi, unajiweka pabaya. Ukiwa ndani ya kambi iliyolipiwa au kiwanja cha mtu, ufunguo uko mbali na umelala kitandani, maelezo yako yana uzito. Ukipenda kinywaji, fika kwanza kambini.

Swali, kutoka Nakuru: Fundi alichukua malipo ya kwanza shilingi laki mbili na nusu. Paa linavuja, waya zinaungua, na sasa hapokei simu. Nimwachie Mungu?

Jibu: Pole sana dada. Usimwachie. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwanza mwandikie barua ya madai yenye tarehe na umpe muda. Peleka risiti za M-Pesa, ujumbe wa simu, picha za paa, na kama unaweza, maelezo ya fundi mwingine aliyelikagua. Na kama gari bado liko kwake, usilitelekeze. Kuna Sheria ya Kuuza Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, inayomruhusu fundi, baada ya kufuata masharti yake, kuuza kilichoachwa kwake.

Swali, kutoka Busia: Nataka kufika Jinja na familia. Gari lina mkopo wa benki.

Jibu: Mzee, logibuku ikiwa na jina la benki, anza na barua ya benki ya kukuruhusu kulitoa nchini. Beba leseni na hati za safari za kila mmoja, watoto pia. Nunua Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yako ya bima; hiyo ni ya mtu wa tatu. Bima kamili haivuki mpaka yenyewe, kwa hiyo uliza kama wataiongeza. Kituo cha Busia ni cha pamoja, shughuli za nchi zote mbili unazimalizia upande unaoingia.

Swali, kutoka Kitale: Dada yangu yuko Ujerumani, ana kempa ya 2009. Anaweza kunitumia?

Jibu: Kuiingiza iwe yako, hapana. KEBS, shirika la viwango, haikubali gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na la binafsi lenye usukani wa kushoto haliruhusiwi. Lakini yeye mwenyewe akija nalo matembezini, hiyo ni habari nyingine. Aje na karnet, ile hati ya forodha ya magari inayotolewa na chama cha magari cha kwao, kisha aondoke nalo muda ukiisha. Asikuachie wewe ulitumie, na asiliuze hapa.

Swali, kutoka Kakamega: Kempa yangu ndiyo nyumba yangu. Polisi wanahitaji kibali cha mahakama kuipekua?

Jibu: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, nyumba yako na mali yako. Ila Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 26, inamruhusu polisi kusimamisha gari na kulipekua akiwa na sababu ya kushuku kwamba lina mali ya wizi au iliyopatikana kinyume cha sheria. Kempa ina magurudumu, na barabarani usitegemee ichukuliwe kama nyumba ya mawe. Uliza sababu ya upekuzi, kaa uone kila kinachofanyika, na usizuie kwa mikono. Kikichukuliwa kitu, omba orodha iliyotiwa sahihi.

Swali, kutoka Nakuru: Nikilala mara moja moja tu, naweza kuwakodishia wageni siku zinazobaki?

Jibu: Hapo umeingia biashara ya utalii. Utahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya 2011, na bima ya gari la kukodisha. Bima ya gari la binafsi haitamlinda mgeni wako hata kidogo. Pata hivyo viwili kwanza, ndipo utangaze bei.