Uzito uende kwenye rimu za mbele
Kama gari lako la rimoti la kupanda mawe, mfano TRX-4, SCX10 na mengine yenye ukubwa wa 1/10 ya gari halisi, linabinuka kwa nyuma kwenye mwinuko, usikimbilie shokapu mpya. Fungua rimu za mbele, uzungushie ndani vile vyuma vya kubandika wanavyobalansia mafundi wa tairi, kulia sawa na kushoto. Nyuma acha tupu. Uzito huo unabebwa na tairi, haukandamizi springi, kwa hiyo ekseli inaendelea kucheza huku kitovu cha uzito kikishuka na kusogea mbele. (Kuupakia juu ya bodi ni kujitafutia mwereka.) Haifai kwa gari la kukimbiza, wala lenye servo (mota ndogo inayogeuza tairi za mbele) dhaifu: tairi ikibanwa kati ya mawe, usukani unagoma, na gia za plastiki za servo huliwa upesi.