Kabla Hujaichungulia Seli kwa Mara ya Kwanza

Wanafunzi wengi huianza mada ya seli kwa kukariri majina. Wiki ya pili wanazitaja sehemu za ndani ya seli, mitokondria, ribosomu na vakuoli, mfululizo bila kumeza mate, lakini ukiwauliza seli moja ina ukubwa gani, wanatazamana. Mimi ningeanza na ukubwa.

Chukua rula, uitazame milimita moja. Igawe mara 1000. Kila kipande ni mikrometa moja. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa mikrometa 7 hadi 8 hivi, kwa hiyo ukizipanga mstari mmoja, zaidi ya 120 zinaenea ndani ya milimita ile. Bakteria wengi ni wadogo zaidi ya hapo. Usipokuwa na kipimo hiki kichwani, mchoro wa kitabu utakuponza: utakaa kwenye hadubini ukitafuta ribosomu. Hutaziona. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya mikrometa 0.2 hivi, na ribosomu ni ndogo kuliko hapo kwa mbali. Zinahitaji hadubini ya elektroni.

Jambo la pili ni kutochanganya utando na ukuta. Kila seli ina utando, ule mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ukuta ni nyongeza inayokuja nje ya utando. Kwa mimea umejengwa kwa selulosi, na seli za wanyama hazina kabisa. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alipotazama kipande cha koki, yaani gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, mwaka 1665 na kuviita vijumba alivyoviona “seli”, alichokuwa anakiona ni kuta tu. Wenyewe waliokuwa wakiishi ndani walishakufa zamani.

Kisha zoea kuuliza kila sehemu inafanya kazi gani, na kwa nini seli hii inayo na ile haina. Seli ya msuli inajaa mitokondria, sehemu zinazoizalishia seli nishati, kwa sababu inakula nishati nyingi. Seli nyekundu ya damu inapokomaa inakitoa kiini chake, ile sehemu inayoiongoza seli, nafasi ikabaki ya himoglobini inayobeba oksijeni, na malipo yake ni kwamba inaishi siku 120 hivi tu wala haiwezi kugawanyika. Ukilielewa hilo moja, nusu ya mada umeishaimaliza.

Sasa maabara. Mara nyingi utapewa kitunguu. Banua ganda moja nene, na upande wake wa ndani utakuta kiwambo kama karatasi ya nailoni. Kivute taratibu, ukitandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi bila mikunjo, udondoshee iodini ili kiini kijitokeze. Kioo cha kufunikia usikiangushe bapa. Kisimamishe kwa mshazari, ukingo mmoja uguse maji, halafu ukishushe polepole kwa sindano. Hapa ndipo nilipoaibika mwaka wangu wa kwanza: nilichora duara zuri lenye ukingo mweusi mnene, nikaandika “seli”, nikapeleka daftari. Lilikuwa povu la hewa. Seli za kitunguu zimerefuka na kupangana kama matofali, haziwi duara kamili.

Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo hata kama una haraka. Unapoisogeza lenzi karibu na slaidi, tazama kwa pembeni, si kupitia lenzi ya jicho, la sivyo utasikia kioo kikilia. Ukihamia lenzi ya 40 huku ya jicho ikiwa 10, unatazama kitu kilichokuzwa mara 400.

Usishangae kukosa kloroplasti, sehemu za kijani zinazotumia mwanga kutengeneza chakula cha mmea. Kitunguu hukua gizani ardhini, hakina sababu ya kuwa nazo, ingawa mchoro wa “seli ya mmea” kitabuni umezijaza kijani tele. Chora ulichokiona. Tumia penseli iliyochongwa, mistari ya majina uipige kwa rula isikatane, na andika ukuzaji kando ya mchoro kabla hujaiosha slaidi, maana ukishaiosha utaanza kubahatisha kama ilikuwa 100 au 400.