Kontena la futi 20 Kigoma: namna ya kulichagua na kulikalisha

Kontena lenye rangi mpya lichunguze mara mbili. Rangi ni rahisi kuliko bati, na muuzaji analijua hilo. Unachonunua hasa ni paa, sakafu na pembe.

Anza ndani. Ingia mchana, mtu akufungie milango kwa nje, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu na kwenye kona. Penye tundu utaona mwanga, na panapopita mwanga patapita mvua. Ukitoka, gonga kwa nyundo kingo za chini za kuta na mihimili iliyobeba sakafu. Chuma kizima hulia. Kilicholika hutoa sauti iliyofifia na kudondosha magamba. Panda ngazi uone paa, maana palipobonyea ndipo maji hutuama. Raba za mlango zilizopasuka zisikutishe, hubadilishwa. Mhimili uliolika ndio wa kukufanya uondoke.

Mlangoni kuna kibati chenye mwaka wa kutengenezwa, uzito wa mwisho unaoruhusiwa (kontena pamoja na mzigo) na mara nyingi dawa iliyotiwa kwenye mbao. Sakafu kwa kawaida ni plaiwudi ya milimita 28, na dawa hiyo ni ya kuua wadudu. Mahindi, sukari au dagaa visilale juu yake, hata pakidekiwa vipi; weka chaga. Herufi nne na tarakimu saba za mlangoni zilingane na za mkataba. Kigoma ni njia ya mizigo ya Burundi na Kongo, kwa hiyo dai pia karatasi za TRA zinazoonyesha kontena limelipiwa ushuru kubaki nchini. Manispaa nako uliza kibali kabla ya kulishusha, si baada.

Kwa kazi ya miezi michache, likodi, ila mkataba useme nani analipa usafiri wa kulirudisha. Ukijua litakaa miaka, nunua.

Sasa kulikalisha, na hapa ndipo wengi huharibu. Mji una miinuko, na kontena lililopinda kidogo tu hukaza milango. Watu hulaumu bawaba wakati kosa liko chini. Kontena limeundwa kubebwa na pembe zake nne, si mbavu. Mwaga nguzo fupi nne za zege, sentimita 50 kwa 50, kimo 60, nusu ikiwa ardhini. Uwiano wa saruji, mchanga na kokoto ni 1:2:4, na saruji ya nguzo zote nne ni mifuko minne hadi mitano. Kwenye mteremko nguzo za upande wa chini zitahitaji zaidi. Vichwa vyote vinne vilingane kwa mpira wa maji (mpira mwembamba uliojazwa maji wa kupimia usawa), kwani pimamaji fupi hudanganya kwenye urefu wa mita sita. Mwagilia siku saba kabla ya kuweka mzigo. Uwazi ule wa chini hupitisha hewa, na mchwa wakianza kujenga njia unawaona mapema.

Kontena tupu ni kama tani 2.2, kwa hiyo gari lenye winchi ndilo la kazi. Pima njia, kona na nyaya za umeme juu kabla gari halijatoka lilikopakia.

Usiku bati hupoa na unyevu wa ndani hugeuka matone darini: kontena linatoka jasho. Magunia ya juu huloa ukadhani paa linavuja. Vitundu vya kiwandani havitoshi. Toboa matundu mawili chini upande mmoja na mawili juu upande wa pili, weka wavu, na acha nafasi kati ya mzigo na kuta. Ukiezeka paa la bati juu yake lenye uwazi wa sentimita 30, jua la mchana nalo linapungua sana.

Kwa ofisi, chagua lile lenye kimo cha mita 2.9, kwani dari na kizuia joto vitakula kimo. Fundi achomelee fremu ya skwea paipu kwanza, ndipo akate dirisha. Nguzo za kona na mihimili ya juu zisiguswe. Kingo zilizokatwa zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Nyaya zipite ndani ya paipu, na kontena lenyewe lifungwe waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini), kwa sababu waya mmoja ukichubuka, ukuta mzima unakuwa na umeme.